Macho Hayana Pazia: Matembezi Yetu Katika Dubai Mall



Ukiiondoa miji mitukufu ya Makka na Madina, hakuna mji wa ng'ambo unaotajwa majumbani mwetu kuliko Dubai. Mfanyabiashara wa Mombasa huenda huko kufunga mizigo, na anayetoka Umra hukatisha safari siku mbili tatu awaonyeshe watoto mji. Kila anayerudi hurudi pia na picha ile ile katika simu: yeye na wanawe wamesimama mbele ya ukuta wa kioo, na nyuma yao papa anaogelea. Picha hiyo hupigwa ndani ya jumba la maduka liitwalo Dubai Mall.

Safari hii, tukirejea kutoka Umra pamoja na ahali zetu, tulipata wasaa wa kulizuru jumba hilo. Tumeona ni haki ya wasomaji tuwasimulie tuliyoyaona, na tuwaeleze pia namna mahali kama pale panavyofanya kazi. Majumba ya jinsi yake, ingawa ni madogo mno kwa kulinganisha, yamekwisha kuinuka Nyali na Mtwapa, na watoto wetu wanayajua kuliko wanavyoijua Marikiti.

Ujirani wa boriti

Kabla ya kuingia dukani, tukumbushane kwamba sisi na watu wa Ghuba si wageni. Katika zama za majahazi, wafanyabiashara wao walitufikia kwa pepo za kaskazi wakiwa na tende na mazulia, wakarejea kwa kusi wakiwa wamesheheni boriti za mikoko kutoka Lamu na viunga vyake. Kule hakuna misitu ya kutoa miti ya kuezekea. Nyumba kongwe za Dubai, zile zilizohifadhiwa katika mtaa wa Al Fahidi, zimeezekwa kwa boriti zilizotoka pwani ya Afrika Mashariki. Hata upana wa vyumba vyao, kiasi cha mita 3, ulipimwa kwa urefu wa boriti zilizoletwa. Biashara hiyo ilififia walipoanza kujenga kwa saruji na chuma, na mwaka 1982 serikali ya Kenya ikapiga marufuku kabisa kuuza boriti nje ya nchi.

Babu zetu walikuwa wauzaji, na wao wakawa wanunuzi. Leo mambo yamegeuka, sisi ndio tunaokwenda na kurudi na masanduku. Msomaji aliweke hili moyoni tunapoendelea.

Jumba lenyewe

Dubai Mall lilifunguliwa tarehe 4 Novemba 2008, katikati ya mji mpya, chini ya mnara wa Burj Khalifa wenye kimo cha mita 828. Lina maduka zaidi ya 1,200. Wenye jumba walitangaza kwamba katika mwaka 2023 pekee liliingiwa na watu milioni 105, yaani takriban mara mbili ya watu wote wa Kenya.

Sisi tulikwenda kwa treni ya Metro. Kutoka kituoni hadi mlangoni kuna daraja lililofunikwa na kutiwa baridi, urefu wake zaidi ya mita 800, na sakafu zake nyingine hujiendesha zenyewe, ukisimama unapelekwa. Mzee tuliyekuwa naye alishukuru sana kwa hilo. Katika miezi ya kiangazi joto la huko hupita nyuzi 40, na mtu hawezi kutembea nje mchana akastarehe. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba kwa wakazi wa Dubai jumba lile ni duka, na vilevile ni barabara, baraza na uwanja wa watoto. Wapo wanaokuja kutembeza miguu tu.

Tangi la samaki linalopigiwa picha lina maji lita milioni 10, na kioo chake kina upana wa karibu mita 33 na kimo cha zaidi ya mita 8. Kulitazama kutoka nje ni bure, anayetaka kuingia ndani ya njia ipitayo chini ya maji hukata tikiti. Kuna uwanja wa barafu ambamo watoto huteleza ilhali nje jua linachoma. Kuna duka la vitabu kubwa kiasi cha kumfanya mwalimu wa chuo asahau njia. Nje, kwenye ziwa lililochimbwa, kuna chemchemi zinazorusha maji juu hadi kimo cha mita 150 zikifuatana na muziki, na hizo pia hazina malipo.

Tuseme haki, jumba lile lina mema mengi. Vyoo ni safi na viko kila upande. Akina mama wana vyumba vya kunyonyeshea na kubadilishia watoto. Mwanamke aweza kutembea na binti zake kutwa nzima asisikie neno la karaha. Wakati wa sala ukiingia, adhana husikika ndani ya jumba, na kuna misala ya wanaume na ya wanawake, mbalimbali. Tulipotoka kusali tulijiuliza kwa nini katika masoko yetu, ambayo wauzaji na wanunuzi wengi ni wanawake, mama mwenye mtoto mchanga hana hata kibanda cha kusitirika. Hilo ni jambo dogo la kuigwa, na halihitaji utajiri wa mafuta.

Soko katika dini yetu

Wapo watakaouliza: sheikh anatafuta nini katika majumba ya maduka? Jibu ni kwamba dini yetu haikuwahi kuliogopa soko. Washirikina wa Makka walimshangaa Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba anakula chakula na kutembea masokoni kama watu wengine, na Kurani imelitaja hilo katika Suratul Furqan. Bibi Khadija, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alikuwa mfanyabiashara mashuhuri. Naye Abdurrahman bin Auf, alipohamia Madina hana kitu, na ndugu yake wa Kiansari akataka kumgawia nusu ya mali yake, alimwombea baraka kisha akaomba aonyeshwe soko liliko.

Wala soko lenye paa si bidhaa ya Wazungu. Mjini Istanbul, Sultan Mehmed wa Pili, baada ya kuuteka mji mwaka 1453, alijenga soko lililofunikwa, na mapato yake yakawekwa wakfu kwa ajili ya msikiti wa Ayasofya. Soko hilo lingali hai hadi leo, na vichochoro vyake ni zaidi ya 60. Mnunuzi wa siku zile, akitaka asitake, dirhamu yake ilichangia mafuta ya taa za msikiti.

Lakini Mtume ametufundisha pia kwamba mahali panapopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni misikiti, na panapochukiwa zaidi ni masoko. Maulamaa wameeleza kwamba ubaya hauko katika kuuza na kununua, uko katika yale yanayoandamana nayo: viapo vya uongo, ghashi, na kughafilika. Katika haya matatu, jumba tulilolizuru halikutuonyesha viapo wala ghashi. Bei zimeandikwa na risiti hutolewa. Mtihani wake mkubwa ni huo wa tatu, kughafilika.

Usanifu wa kughafilisha

Hili halikuja kwa bahati. Jumba la kwanza la maduka lililofungwa pande zote na kutiwa hewa ya kiwango kimoja mwaka mzima lilifunguliwa Marekani mwaka 1956, karibu na mji wa Minneapolis, nalo huitwa Southdale. Msanifu wake alikuwa Victor Gruen, mzaliwa wa Vienna aliyekimbia utawala wa Wanazi mwaka 1938. Nia yake ilikuwa njema: aliwahurumia Wamarekani waliotawanyika katika vitongoji, kila mmoja ndani ya gari lake, akataka kuwapa mahali pa kukutana, pamoja na shule, makazi na bustani kandokando. Wafanyabiashara waliyachukua maduka wakayaacha mengine. Mwisho wa umri wake aliyalaani majumba yaliyofuata nyayo za lile lake, akakataa kuitwa baba yao. Alifariki mwaka 1980.

Hata hivyo, wataalamu wa biashara wameliita kwa jina lake lile jambo linalompata mnunuzi katika majumba haya. Mtu huingia na haja moja, labda viatu vya mtoto. Mataa, rangi, harufu na sauti humzunguka, na baada ya muda haja ile hufifia, naye hubaki akitembea na kutazama. Kuanzia hapo hanunui alichokijia, hununua anachokutana nacho. Wahenga wetu walilisema hilo kwa maneno matatu: macho hayana pazia.

Tazameni mpango wa majumba haya. Nuru ya jua ni haba na saa ya ukutani huioni, hivyo hujui kama ni adhuhuri au magharibi. Maduka makubwa yenye majina huwekwa mwisho wa njia, mbali na mbali, ili anayeyaendea apite kwanza mbele ya madogo yote. Ngazi za umeme hupangwa hivi kwamba aliyefika orofa moja huzunguka kabla ya kupanda nyingine. Vyakula huwekwa ndani kabisa au juu, ili njaa isiwe sababu ya kutoka. Bei huishia na tisa tisa, ili mia ionekane tisini. Hakuna haramu katika ngazi wala katika baridi. Ila anayeingia bila kujua mpango huu ni kama mvuvi anayeingia bahari asiyoijua mikondo yake.

Mama aliyekuja kusoma

Katika ukumbi wa vyakula ahali yetu alisikia Kiswahili cha Mombasa kutoka meza ya pili. Alikuwa mama wa makamo, ana duka dogo la mabaibui nyumbani, na mbele yake alikuwa na kikombe cha chai na daftari la shule. Baada ya kusalimiana na kuulizana ukoo, ahali yetu alimuuliza amenunua nini.

"Mimi hapa sinunui, dada," akajibu huku akicheka. "Hapa naja kusoma. Natazama mishono ya mwaka huu, mikono inakatwaje, nakshi wameweka wapi. Nikishaandika, nateremka Deira kununua kitambaa. Sheikh, baibui moja iliyoko juu hapo, bei yake yaninunulia jora zima."

Tukamuuliza kama hatamani. "Natamani sana," akasema. "Ndiyo maana pochi naiacha kwa mwenzangu hotelini. Nimekuja na nauli na pesa ya chai basi. Mtaji huu si wangu peke yangu, uko wa mchezo wa wenzangu kumi humu. Nikipotea mimi, tumepotea kumi na mmoja."

Mwenye kutaka kufahamu tofauti ya Dubai Mall na Deira, aitazame kupitia kwa mama huyu. Deira ndio mji wa kale wa biashara, kando ya hori ambalo watu bado huvuka kwa mashua ziitwazo abra. Huko ndiko kwenye soko la dhahabu, viungo, vitambaa na bidhaa za jumla, na bei huzungumzwa kama tunavyozungumza sisi. Katika jumba la maduka bei haizungumzwi. Mama huyu amejua kila mahali pana faida gani: pale juu amechukua elimu bila malipo, na kule chini atatoa fedha kwa bidhaa. Mali bila daftari hupotea bila habari, naye daftari lake lilikuwa mezani.

Orodha inayotoka nyumbani

Sasa tuseme lile ambalo ndilo hasa lililotusukuma kuandika. Tumelichambua jumba la maduka la ng'ambo, lakini safari ya kununua huanzia Mombasa, katika sebule zetu. Mtu akipata viza tu, orodha huanza kufika. Shemeji ataka simu. Khalati ataka manukato ya jina fulani. Jirani, kwa mzaha usio mzaha, husema: "Usitusahau." Na siku ya kurudi, kabla ya kuulizwa habari za Umra yake, msafiri huulizwa ametuletea nini.

Tunamjua kijana mmoja, mwema, mwenye adabu, aliyekuwa ameweka akiba kwa miaka miwili ili aezeke upya nyumba ya mama yake. Alipopata safari ya Dubai aliibeba akiba hiyo kwa niya ya kuikuza kwa biashara ndogo. Aliporudi alikuwa na masanduku matatu, na ndani hamkuwa na bidhaa hata moja ya kuuza. Zilikuwa zawadi zote, kila moja na jina la mtu. Masika yalipoingia tulimzuru mama yule, maana alikuwa mgonjwa. Beseni lilikuwa katikati ya chumba likikinga matone, na juu ya kabati, karibu na dawa, palikuwa na chupa ya manukato ndani ya sanduku lake, haijafunguliwa.

Hatumlaumu kijana peke yake. Aliogopa kuitwa bahili, na hofu hiyo tuliitia sisi, wajomba na mashangazi zake, moyoni mwake. Mtume ametuhimiza tupeane zawadi ili tupendane, lakini zawadi inayoombwa kwa orodha imekwisha kuwa deni, na anayelilipa huku ameona haya, moyo wake haukuridhia. Wanazuoni wetu wamesema wazi kwamba kinachotolewa kwa haya, bila ridhaa ya moyo, hakimhalalikii anayekipokea. Basi tujiulize ni manukato mangapi yaliyomo kabatini mwetu ambayo yametoka katika paa la mtu.

Mashauri yetu kwa familia

Kwa wanaokusudia kusafiri, na kwa wanaokwenda Nyali Jumamosi, tuna mashauri machache.

Andikeni haja zenu nyumbani, mume na mke pamoja, na kiasi cha fedha mbele ya kila haja. Lisiloandikwa lingoje safari nyingine. Suratul Furqan imewasifu waja wa Mwenyezi Mungu wanaotoa bila israfu wala ubakhili, na njia hiyo ya kati haipatikani kwa kukisia mbele ya vioo vya maduka.

Watoto waambiwe mapema: leo tunakwenda kutazama, au leo tunakwenda kununua kitu kimoja. Mtoto aliyeahidiwa samaki wa tangi hufurahi kwa samaki. Mtoto ambaye hakuambiwa lolote huomba kila kitu, nasi tukamwita mkaidi.

Jihadharini na kadi za mkopo. Aliyenunua kwa mkataba wa bei moja iliyojulikana na kulipa kwa awamu hana kosa. Lakini kadi inayoongeza deni kila mwezi kwa aliyechelewa imebeba riba, na punguzo la bei lililokuvuta halitalifuta hilo.

Wekeni risiti. Tangu mwaka 2018 Dubai hutoza kodi ya asilimia 5 juu ya bidhaa nyingi, na mtalii aliyenunua katika duka lililosajiliwa kwa mpango huo, kwa kiasi kisichopungua kilichowekwa, aweza kudai sehemu kubwa ya kodi hiyo uwanja wa ndege kabla ya kuondoka. Sharti hilo ni la kumwambia muuzaji wakati wa kununua, na kuonyesha pasipoti.

Kuhusu sala, wengi hutuuliza kama msafiri wa Dubai apunguze na kukusanya. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, anayenuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, husali kamili tangu afikapo. Basi aliyekwenda kwa juma zima asisali kama mpita njia. Na akina mama wabebe leso ya kusalia mkobani. Ni nyepesi, na itamzuia mtu asisingizie nguo.

La mwisho ni kwa sisi tunaobaki nyumbani. Msafiri akiaga, tumwombee dua, na tumwambie kwa ulimi wetu, mbele ya watu wasikie: "Usituletee kitu, rudi salama." Neno hilo halitugharimu hata senti moja, na huenda likaezeka nyumba ya mtu.

Mwenyezi Mungu atupe mali ya halali, na macho yanayotosheka, na atuepushe kuwa mzigo katika masanduku ya ndugu zetu. Amin.